Eneo Hili Halina Makazi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimesemwa vibaya mbele yangu mwenyewe! Nimepanda teksi kwenda kazini, nimekaa zangu nyuma, kimya. Simu ya dereva imebandikwa pale mbele, na yule mimi wa kwenye apu ya ramani anasema, "Baada ya mita mia mbili, kata kulia." Dereva akafyonya. Huyu mama naye, kulia kuna shimo, kila siku kulia kulia, sijui huko kulia kuna nini chake! Nikabana mdomo nisicheke. Sikuweza. Nikainama mbele nikamwambia kwa sauti ile ile ya kazini: "Kata kulia." Masikini, nusura tutumbukie kwenye hilo shimo wote watatu — yeye, mimi, na mimi.

Alipotulia akataka tupige picha. Tukapiga. Nywele zangu hazikuwa tayari kwa umaarufu, lakini basi.

Nimemsimulia mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hacheki ovyo, lakini leo amecheka mpaka akavua miwani. Anasema shida yake ni moja tu: nyumbani ana mmoja wa kumwelekeza, garini ana mwingine, na wote wawili hawajawahi kukubali kwamba wamekosea njia. Huyu bwana! Nimemnyima chai ya pili. (Halafu nimempa.)

Jumatano, 6 Machi

Mkwe amekuja ofisini.

Niandike vizuri, nisije nikasoma daftari hili uzeeni nikadhani niliolewa mara mbili. Mkwe ni wizara. Wao ndio wanaotupa kibali cha kutengeneza ramani, kila mwaka tunaomba upya, na wakikataa apu inazimwa, sote tunarudi nyumbani kuangaliana. Mhasibu wetu ndiye aliyewapa jina. Alisema hawa watu ni kama wakwe: huwezi kukohoa mbele yao, wakiomba kitu huwezi kusema hapana, na ukishawasindikiza ndipo unapumua. Jina likaganda. Siku hizi mtu akisema tu "Mkwe yuko kwenye simu", ofisi nzima inakaa wima.

Hata Kaka. Kaka ni mkurugenzi wetu, ametaka mwenyewe aitwe hivyo, eti hapa kwetu hakuna wakubwa. Huvaa raba na fulana. Lakini Mkwe akipiga simu mkono wake hupanda shingoni kutafuta kifungo afunge. Kwenye fulana! Nimeuona kwa macho yangu haya.

Mkwe aliyekuja leo ni afisa mmoja mpole ajabu. Sauti ya chini, viatu vinang'aa, amemsalimia hadi mlinzi. Mimi ameniambia ananisikiliza kila asubuhi akienda kazini, na kwamba sauti yangu inatuliza taifa. Kutuliza taifa! Nimetembea kwa maringo siku nzima, hata chooni. Kisha akajifungia na Kaka, wakakaa mno. Kaka alipotoka akauliza kama kuna mwenye dawa ya kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kurekodi leo. Chumba changu zamani kilikuwa stoo ya karatasi. Kuta zote wamezipiga magodoro, dirisha hakuna, feni marufuku kwa sababu ya kelele. Navua viatu, nakunywa maji ya uvuguvugu, natabasamu. Hilo tabasamu ndilo kazi yenyewe: mdomo ukicheka na sauti inacheka, na dereva aliyepotea hajioni mjinga. Nje ya kioo anakaa Fundi Ramani, ndiye anayechora barabara zote na ndiye anayenirekodi. Ana kicheko cha kuvunja vikombe. Tulianza kazi siku moja, hanifichi kitu.

Naletewa sentensi, nasoma. Ipi ni ya wapi sijui, wala siulizi — "Daraja limefungwa", "Umefika sokoni" — wao ndio wanaozibandika kwenye ramani. Ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo. Leo ilikuwepo moja mpya: "Eneo hili ni ardhi wazi, halina makazi." Fundi Ramani akaomba niirudie, nisikimbie. Nikairudia na tabasamu langu lote. Ikatoka tamu! Nikamuuliza huko wapi, nikajinunulie kiwanja mapema. Hakucheka. Alisema tu ni ombi la Mkwe, tuendelee.

Nadhani alikuwa na njaa.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa Shangazi, siku nzima. Mgongo unauma kwa kucheka.

Shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Anakaa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo nguo hukauka zikinukia hata usipozifua vizuri. Hapo kibarazani ndipo alipo na cherehani yake, anashona sare za shule. Futi ya kupimia haitoki shingoni, hata akienda msibani. Sijakaa sawasawa ameshanizungushia kiunoni. "Eeh, mshahara umefika hapa," akasema, akawaita majirani waje kuangalia mshahara.

Ananitangaza mtaa mzima. Wateja wake wengi humfikia kwa apu yetu, na kila mmoja lazima aambiwe: huyo aliyekuleta hapa nimemlea mimi, alikuwa haongei mpaka ana miaka mitatu, leo hanyamazi!

Kuna habari inazunguka huko. Walipita vijana na vyuma vya kupimia ardhi. Wanasema kuna tajiri anataka kujenga maghala, na kwamba kamati ya ardhi itakuja kutazama kama eneo lina watu au halina. Nikamuuliza Shangazi kama ana wasiwasi. Akasimama, akajishika kiuno, akajigeuza mbele na nyuma. "Waje tu watazame. Mimi huyu naweza kukosa kuonekana?" Kwa kweli hapana. Shangazi ni mwanamke wa milango miwili, mmoja haumtoshi.

Nimerudi na sketi mpya na kipande cha sabuni.

Jumatatu, 11 Machi

Kibali kimetoka! Mwaka mzima! Kaka ameagiza keki, imechorwa barabara kwa sukari ya rangi, na mhasibu amekula mzunguko mzima wa barabara peke yake. Tumecheza muziki saa za kazi. Kaka akatoa hotuba kuhusu "mahusiano mema". Nimeshangilia kuliko wote, si unanijua.

Fundi Ramani hakula. Anasema meno.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na lori.

Saa nne hivi Shangazi kapiga simu, anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Kuna lori la kokoto limeingia kwenye uchochoro wake! Limekokota kamba ya kuanikia na mashuka ya jirani yake, mke wa kinyozi, bado yamening'inia, linaonekana kama bibi harusi. Na ndani ya lori nasikika mimi, namwambia dereva, "Endelea moja kwa moja." Nikadhani dereva kapotea. Shangazi akasema ni la tatu hilo tangu asubuhi, na nyuma kuna la nne linapiga honi. Lakini nisijali, yeye ameshatoka na futi yake, anapima kama yatapita kati ya kisima na ukuta. Basi ndiye trafiki sasa. "Rudi nyuma! Wewe! Nyuma nimesema!" Mke wa kinyozi ameanza kuwauzia madereva chai. Nimecheka hadi machozi, nimewaita wenzangu waje kusikiliza.

Kisha Shangazi akasema ngoja, dereva anaiwasha tena ile simu tangu mwanzo, watu wote wamejazana hapa wanataka kukusikia. Nikamsikia akiwaambia nyamazeni, nyamazeni, ni mtoto wangu huyo!

Wakanyamaza. Na mimi huku ofisini nikajisikia kule, sauti yote ya tabasamu:

"Eneo hili ni ardhi wazi, halina makazi."

Nilisikia injini tu. Baadaye Shangazi akaniuliza, taratibu, hajawahi kuniuliza kitu taratibu hivyo: "Umesema nini hapo, mwanangu?"

Nikakata simu. Nimemkatia Shangazi simu!

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimemfungia Fundi Ramani kwenye chumba cha magodoro. Nilisimama mlangoni. Akaeleza yote huku anaangalia viatu vyake. Mkwe aliomba mtaa ule uondolewe, nyumba zote na vichochoro, paachwe rangi ya ardhi tupu. Kaka akamwagiza, naye akafuta. Alasiri moja tu, kazi ndogo. Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni huduma yetu ya malori. Apu inamtafutia dereva wa lori uwanja mpana wa kugeuzia na kupumzika. Fundi Ramani amechora uwanja mpana katikati ya mji — apu imefurahi, imeyaita malori yote!

Hapo alicheka kidogo, bahati mbaya tu, na mimi nikacheka, kisha nikamwambia hapo anapoita uwanja ndipo nilipojifunzia kutembea. Akafuta uso kwa kiganja. Hakujua. Anamjua Shangazi kwa jina, amewahi kula kwake, lakini siku aliyokwenda kula alifuata apu tu, hakuangalia njia. Nani anaangalia njia akiwa na mimi kwenye simu?

Nikaenda kwa Kaka. Sikubisha hodi.

Hakukana, hilo nampa. Kamati inakuja Jumanne, na kamati inatumia ramani yetu. Ikionekana ardhi tupu na wakiambiwa tupu, basi hakuna wa kuulizwa wala wa kulipwa fidia, tingatinga zinaingia. Alinieleza akipanga kalamu mezani, moja moja. Kisha akasema hatujamuumiza mtu yeyote, tumefuta rangi tu.

"Shangazi yangu ni rangi gani?" nikamuuliza.

Akaiweka kalamu ya mwisho. Halafu akaniambia jambo ambalo limenikaa kifuani siku nzima: angekataa, kibali kisingetoka, na watu wote wa ofisi hii nao wana mashangazi wanaowategemea. Alisema kwa upole. Hana roho mbaya, ndiyo maana nimeshindwa kumchukia. Nilitaka sana kumchukia.

Mume wangu kaniuliza nimejibu nini. Sikujibu kitu. Mimi!

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi hapokei simu.

Nimepiga na simu ya mume wangu. Akapokea, akasikia ni mimi, akasema cherehani inamwita.

Ijumaa, 15 Machi

Mkwe amerudi, viatu vile vile. Malori yamemkera. Yamejaa kule, sasa eneo halionekani tupu hata kwa kipofu! Nimefurahi kimoyomoyo. Anataka malori yageuzwe kabla hayajaingia, na pia lile neno "makazi" liondolewe, linawafanya watu waulize. Tumekaa wanne kwenye meza ya mkutano kutafuta maneno. Mkwe kapendekeza "eneo tulivu". Fundi Ramani akasema tulivu na malori manne? Kaka kapendekeza "eneo linalosubiri". Linasubiri nini? Wakaja na "eneo lenye matumaini". Jamani! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikanywa maji.

Mwishoni wamekubaliana: "Hakuna njia. Geuka." Fupi, haina lawama. Mkwe akanigeukia na ule upole wake. Dada yangu, hatukuombi useme uongo, tunaomba tu usiseme yote. Na tabasamu, tafadhali. Tabasamu ni muhimu.

Wote wakaniangalia. Nikafungua mdomo niseme hapana. Hapana! Neno fupi, nalisema nyumbani kutwa. Badala yake nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikaonyesha koo kwa kidole, nikatikisa kichwa. Mafua, nikanong'ona, sauti imekwenda.

Kaka alijua. Fundi Ramani alijua. Mkwe kanipa pole na peremende ya mnanaa. Kaka akasema hakuna shida, kuna yule msichana wa redioni. Nimeumia! Wanibomolee Shangazi na bado wanitishe na msichana anayeongea kwa pua.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda bila kuitwa. Shangazi alikuwa anashona, hakuinua kichwa. Nikakaa chini kwenye vipande vya kitambaa, kama utotoni. Nikamweleza yote, sentensi nilivyoisoma bila kuuliza, kibali, keki. Keki ndiyo iliyoniponza, nilipofika kwenye keki nikaanza kulia.

Akaniacha nilie mpaka amalize kola. Kisha akasema kilichomuuma si wizara. Wizara haimjui, haijawahi kula kwake. Kilichomuuma ni kwamba aliwanyamazisha watu wamsikilize mwanawe.

Nilimwomba radhi. Nimemwomba kwa goti, kabisa. Akasema inuka, unachafua sketi niliyoishona juzi tu.

Halafu, kidogo kidogo, akarudi yeye mwenyewe. Alitaka kujua sasa nimewaambia nini huko ofisini.

"Nilikohoa, Shangazi."

Miguu yake ikasimama kwenye cherehani. "Ulifanyaje?"

"Nilikohoa. Sikurekodi."

Alicheka! Alicheka mpaka mke wa kinyozi akachungulia. Akamwita: njoo usikie, huyu tumemsomesha, wamekuja kubomoa nyumba, yeye kakohoa! Wakacheka wote wawili wameshikana mabega, nami nikacheka, nifanyeje. Kisha Shangazi akajipangusa macho kwa ncha ya futi, akasema kukohoa si kukataa, mwanangu. Na majirani ameshawaambia kwamba mimi nitalirekebisha jambo hili.

Lini umewaambia?

Siku ile ile ya lori, akasema. Ulivyokata simu.

Jumatatu, 18 Machi

Wameniunga!

Asubuhi nimefungua apu nikapima njia ya kwa Shangazi. Pale njia panda karibu na kiwanda — kulia uwanja wa nyasi ulio nyuma ya uzio, kushoto mtaa wetu — nikasikia: "Hakuna. Njia? GEUKA!" Ni mimi. Wana maneno yangu maelfu, wamechukua kipande hiki na kile wakavishona. "Hakuna" ya mwaka juzi, "njia" kutoka kwenye swali, na "geuka" ya wiki ile niliyokuwa na mafua ya kweli. Nasikika kama mwanamke aliyepigiwa kelele usingizini. Nilikasirika kwa ubaya wa kazi kabla sijakasirikia kazi yenyewe. Ndivyo nilivyo.

Fundi Ramani anasema Kaka alimwamuru, na Mkwe alisimama nyuma ya kiti. Nikamuuliza mbona amechagua vipande vibovu hivyo, wakati ana "geuka" zangu nzuri chungu nzima. Akaangalia dari. Eti ndivyo alivyoviona kwanza. Nikamkumbatia, naye akaniambia nisimkumbatie, hajafanya la maana.

Saa tisa Kaka kaja mezani kwangu, anazungukazunguka. Kesho ndiyo kamati. Mwenyekiti wao ni mama mmoja shabiki wangu mkubwa, ameomba "yule dada wa ramani" awepo amsalimie. Nitapanda gari la Kaka. Mkwe ataongoza mbele na gari lake mpaka kwenye ule uwanja wa nyasi, waonyeshwe kwamba ndilo eneo lenyewe, watapiga picha, tutarudi. Sitatakiwa kusema chochote.

Nikamuuliza kama usiku analala. Akasema hapana, tangu tarehe sita. Nikamwonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Mume wangu kanipigia pasi gauni. Kaniambia nikipoteza kazi atafundisha masomo ya ziada, na mimi nitapata muda wa kumwelekeza yeye peke yake. Nampenda mwanamume huyu, ingawa hawezi kupiga pasi mikono ya gauni.

Jumanne, 19 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya kibaraza cha Shangazi, daftari juu ya goti. Nikingoja nifike nyumbani nitasahau nusu, na huko kufika sijui kutakuwaje.

Mama Mwenyekiti ni mnene, mcheshi, ana mkoba mkubwa kama begi la safari. Tulipokutana wizarani alinishika mikono yote miwili. Ndiye wewe? Hebu sema "umefika"! Nikasema. Akapiga makofi. Gari la wizara lilikuwa limemfungulia mlango, Mkwe mwenyewe kaushika, yeye akapita akaja kwetu. Anakaa na huyu, alisema, hilo lenu ataliona wakati wa kurudi. Wenzake wa kamati wakapanda nyuma yake wakicheka. Mkwe akabaki ameshika mlango wa gari tupu.

Kaka anaendesha, mimi pembeni yake, Mama Mwenyekiti nyuma anatusimulia jinsi nilivyomwokoa siku moja kwenye foleni. Kaka amevaa shati leo, limefungwa mpaka juu. Mkwe yuko mbele, anaongoza. Tumekaribia njia panda, likatokea lori la mchanga, likaingia katikati yetu. Dereva wake amesimama, hajui aende wapi, anapigana na simu yake. Mkwe akakata kulia akapotelea nyuma ya uzio. Sisi tumekwama nyuma ya lori.

Na simu ya Kaka, mbele ya watu wote, ikasema: "Hakuna. Njia? GEUKA!"

Mama Mwenyekiti akasogeza kichwa katikati ya viti. Huyo siye wewe, akasema. Huyo ni nani? Ana mafua? Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa anaangalia kushoto, nguo zimeanikwa juu ya paa, na mtoto wa mtu anasukuma tairi. Kisha akaniuliza mimi, kwa wema kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikamwangalia Kaka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anaangalia makalio ya lori. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, hakusaidia kitu. Koo langu lilikuwa linawasha, nilitaka kukohoa kweli sasa! Nikameza mate. Nikatabasamu, kwa mazoea.

"Kata kushoto," nikasema. "Kisha nenda polepole, kuna watoto."

Nilidhani Kaka ataendelea kukaa. Nilidhani ataniambia shuka. Kaka akawasha taa ya kushoto — gari zima tunasikia inavyobofya, tik, tik, tik — akapita pembeni ya lori, akakata kushoto.

Nikaendelea tu. Mdomo ulishafunguka. Hapa kinyozi, hapa kisima, punguza mwendo. Hapa shule ya chekechea, ina chumba kimoja. Hapa nilianguka na baiskeli. Mama Mwenyekiti ameshusha kioo anasalimia watu, na watu wanatoka, wanatoka, sijui walikuwa wamejificha wapi wote hao. Shangazi alikuwa kibarazani na futi yake. Nilipofungua mlango nikasema, "Umefika, Mama," na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sauti ilinikatika.

Hiyo ni nusu saa iliyopita. Sasa Mama Mwenyekiti yuko ndani kwa Shangazi. Nawasikia. Shangazi anamwambia gauni hili nani kakushonea, limekuvuka mabega, simama hapo nikupime. Wenzake wamekalishwa, wana chai ya mke wa kinyozi mikononi. Wameanza kuuliza maswali: nani anakaa hapa, tangu lini, mko wangapi. Watu wanajibu wote kwa pamoja. Hakuna anayeandika bado. Sijui wataandika nini, wala nani atawanong'oneza kabla hawajaandika.

Kaka amekaa kando yangu kwenye ngazi. Amefungua kifungo cha shingo. Mtoto wa tairi ameegemea gari lake, hajamfukuza. Mkwe anapiga simu, mara ya nne au ya tano hii, na Kaka anaiangalia inavyotetemeka juu ya kiganja. Nimemwambia kama hataki apokee nitapokea mimi, leo koo ni zima. Ametikisa kichwa. Anasema hapana, hii ni yake.

Bado inaita. Amekaa wima. Kidole kiko juu ya kitufe, na amenigeukia, uso wake kama wa mtu aliyepotea kweli.

"Nimwambie tuko wapi?"